Nepi ya kuogelea imemtoa mtoto vipele: tafuta kosa lilipo

Nepi ya kuogelea haifyonzi mkojo. Anzia hapo, kwa sababu vipele vingi vinavyolaumiwa klorini ya bwawa au chumvi ya bahari chanzo chake ni hicho. Nepi ya kawaida ya kutupa, ile ambayo wengi tunaiita pampasi hata ikiwa ya kampuni nyingine, ina chembechembe za unga zinazogeuka jeli zikikutana na majimaji. Jeli hiyo inaushika mkojo na kuuweka mbali na ngozi. Nepi ya kuogelea haina unga huo, au inao kidogo sana, na imetengenezwa hivyo kwa makusudi: ingekuwa nao, ingekunywa maji ya bwawa kwa dakika chache na kuning'inia magotini. Kazi yake ni kuzuia kinyesi kisielee majini, basi. Mkojo unapita, na maji yanaingia na kutoka.

Sasa mfikirie mtoto aliyevishwa nepi hiyo nyumbani Kimara, jijini Dar es Salaam, akapakatwa kwenye gari na foleni yote hadi Kigamboni. Anafika ufukweni akiwa ameshakaa saa nzima na zaidi kwenye mkojo wake, ngozi imelainika, kisha anaingizwa kwenye maji ya chumvi. Akitoka anaachwa na nepi ileile mbichi wakati wakubwa wanakula samaki. Dakika ishirini za majini ndizo zilizokuwa salama kuliko zote. Ndiyo maana ukitafuta chanzo cha vipele, jiulize kwanza ulimvisha saa ngapi na ukamvua saa ngapi.

Kinachotokea kwenye ngozi ni hiki. Tabaka la juu likilowa muda mrefu hufura na kulegea, na ngozi iliyolegea huchubuka kwa msuguano mdogo tu. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unazidi) ya 5.5 au karibu na hapo. Mkojo ukikaa na kinyesi hutoa amonia, uchachu unapungua, na vimeng'enya vilivyomo kwenye kinyesi, vile vya kusaga protini na mafuta, vinapata nguvu ya kuila ngozi. Unyevu, msuguano na kinyesi vikikutana, saa moja au mbili zinatosha.

Kwanza itazame ngozi yenyewe

Maelezo mengi ya vipele vya nepi husema "tafuta wekundu". Kwa mtoto mweusi ushauri huo unapotosha, na matokeo yake vipele vinagunduliwa vikiwa vimeshachubuka. Kwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, eneo lililoumia mara nyingi huonekana jeusi zaidi kuliko ngozi ya jirani, au la zambarau, au la kijivu linalong'aa kama lililopakwa mafuta. Tumia mgongo wa vidole: penye uvimbe kuna joto zaidi, na ngozi huwa ngumu au ina chengachenga. Tazama kwenye mwanga wa dirishani, wala si chini ya taa ya manjano. Linganisha paja na paja.

Doa la bluu au la kijivu kwenye makalio au chini ya mgongo, ambalo lilikuwepo tangu kuzaliwa na halina uvimbe wala maumivu, halihusiani na nepi. Ni alama ya kawaida kwa watoto wengi wa Kiafrika, na hufifia yenyewe kadiri wanavyokua.

Baada ya hapo angalia vipele viko wapi. Mahali vilipo panaeleza chanzo kuliko rangi yake.

Mistari kuzunguka mapaja au kiuno

Hii ni kazi ya lastiki. Nepi ya kuogelea lazima ibane kuliko ya kawaida, la sivyo kinyesi kitatoka, kwa hiyo alama nyepesi ya lastiki ni jambo la kawaida. Ivue, subiri nusu saa. Alama ikiwa imepotea, nepi inamtosha. Ikibaki, au ikiwa imefanya mfereji, au ngozi imechubuka juu ya mstari huo, nepi ni ndogo.

Saizi huandikwa kwa kilo, na mtoto mnene wa mapaja anaweza kuwa ndani ya kilo zilizoandikwa bado ikambana. Pima kwa mkono: vidole viwili vilale vipite chini ya lastiki ya kiunoni, kidole kimoja chini ya lastiki ya paja. Lastiki ya paja ikae ndani ya mkunjo wa kinena, isipande juu ya nyama ya paja. Ikipanda, kila anaporusha mguu inasugua palepale.

Kubwa kupita kiasi nayo inaumiza, na hili wazazi wengi hawalitegemei. Nepi inayopwaya inaingiza mchanga. Mchanga unatua kwenye mkunjo wa lastiki na kugeuka msasa. Baharini ongeza chumvi: kila lita ya maji ya Bahari ya Hindi ina takriban gramu 35 za chumvi, na maji yakikauka chumvi hiyo hubaki kama chembe ngumu kati ya lastiki na ngozi. Ndiyo maana mtoto anayecheza ufukweni na nepi iliyokaukia mwilini huchubuka kuliko aliyebaki majini.

Tiba ya mistari ni rahisi: badilisha saizi, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, paka mafuta ya mgando kwenye mstari mara tatu kwa siku, na kwa siku mbili nepi ya kawaida ifungwe kwa kulegeza kidogo. Hata kabla ya kuingia majini, utepe mwembamba wa mafuta ya mgando pale lastiki inapokaa huzuia msuguano mwingi.

Makalio na mapaja yamewiva, lakini ndani ya mikunjo ni salama

Ukiipanua mikunjo ya kinena ukakuta ngozi ya ndani ni ya kawaida, huku sehemu zilizotokeza na kugusana na nepi (makalio, juu ya sehemu za siri, mapaja kwa ndani) zimevimba na kung'aa, hiyo ni ngozi iliyochomwa na unyevu na kinyesi. Ndiyo hali inayoonekana zaidi. Huanza ndani ya saa chache, na ikitunzwa vizuri hupungua ndani ya siku mbili au tatu.

Sababu zake, kwa mpangilio wa uwezekano: nepi ya kuogelea ilivaliwa mapema mno, ilibaki mwilini baada ya kutoka majini, mtoto alijisaidia majini na hakuna aliyegundua. Hii ya tatu hutokea sana kwa sababu ndani ya maji harufu haisikiki, na choo laini cha mtoto anayenyonya kinapita kwenye nepi hiyo kama kwenye chujio. Kitu cha kufanya ni kumtoa majini kila nusu saa, isizidi saa moja, na kuchungulia ndani ya nepi kwa macho. Mbadilishie mbali na ukingo wa bwawa, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Mikunjo ndiyo iliyoshikwa, na pembeni kuna visiwa

Vipele vikizama ndani ya mikunjo ya kinena, vikawa na mpaka unaoonekana wazi, na kuzunguka mpaka huo kukawa na vipele vidogo vilivyotawanyika kama visiwa, fikiria fangasi wa utando. Anapenda joto na unyevu, na nepi mbichi iliyobanwa kwenye hali ya hewa ya Mombasa au Tanga inampa vyote viwili. Humshika zaidi mtoto aliyetoka kumaliza antibiotiki, au mwenye vipele vya kawaida vilivyokaa zaidi ya siku tatu bila kupungua. Mchungulie mdomoni: utando mweupe usiofutika kwenye ulimi na mashavu ni fangasi huyohuyo, na hapo atahitaji pia dawa ya kinywani.

Mafuta ya zinki peke yake hayamuui fangasi. Inatakiwa krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1, au mikonazoli ya asilimia 2, au nistatini, ipakwe nyembamba mara 2 au 3 kwa siku kama mhudumu wa afya alivyoelekeza, kwa kawaida siku 7 hadi 10. Kosa kubwa ni kuacha siku ya tatu ngozi inapoonekana nzuri. Wiki inayofuata vinarudi. Krimu ya fangasi itangulie kwenye ngozi, isubiriwe dakika chache inywee, ndipo zinki ipakwe juu yake. Ukibadilisha mpangilio, zinki inaizuia dawa isifike.

Vipele vinarudi kila mara kwa nepi ileile

Mzio wa nepi upo, ingawa ni nadra kuliko unavyodhaniwa. Una dalili zake. Vipele havitokei saa ileile, huchelewa siku moja hadi tatu, huwasha kuliko kuuma, na vinafuata umbo la kitu kilichogusa ngozi: kando za nyonga tu, kwa mfano, mahali zilipo bendi za pembeni, au chini ya picha ya rangi ya bluu iliyochapwa kwenye nepi. Wanaosababisha ni rangi, manukato, na kemikali zinazowekwa kwenye mpira ili unyumbuke.

Hapa kuna jambo linalowahusu wazazi wa Uingereza hasa. Shule nyingi za kuogelea za watoto wachanga huko hudai nepi mbili: ya ndani, na juu yake kaptula nzito ya neoprini yenye kubana. Neoprini ni aina ya mpira, na kemikali zake zinajulikana kwa kuleta mzio. Kama vipele vipo juu ya kiuno na chini kidogo ya paja, mahali ambapo kaptula ya nje ilivuka mpaka wa nepi ya ndani na kugusa ngozi, mshitakiwa ni kaptula. Uliza kama wanakubali ya kitambaa.

Kabla ya kuilaumu nepi, ondoa waipsi zenye manukato kwa wiki mbili. Mara nyingi zenyewe ndizo zilizoleta shida, kwa sababu siku ya kuogelea mtoto hufutwa mara tano badala ya mbili.

Analia mara tu maji yanapomgusa

Ngozi isiyo na jeraha kwa kawaida hailii. Mtoto akichonyotwa na maji ya bwawa au ya bahari, basi mara nyingi ngozi ilikuwa imeshapasuka kabla hajaingia. Mtoe. Hakuna cha kumzoesha.

Kama ngozi ilikuwa nzima na watoto wengine nao wanalalamika macho na ngozi, shida iko kwenye maji. Bwawa linalonuka klorini hadi getini watu hudhani limewekwa klorini nyingi. Harufu ile kali hutoka kwa kloramini, zinazozaliwa klorini inapopambana na mkojo na jasho. Mara nyingi ina maana kwamba klorini inayofanya kazi imepungua na maji yanahitaji kutunzwa. Muulize mhudumu wa bwawa vipimo vya siku hiyo. Klorini huru isipungue miligramu 1 kwa lita, na pH iwe kati ya 7.2 na 7.8. Vijiti vya kupimia hubadilika rangi ndani ya sekunde chache, na bwawa la hoteli linaloendeshwa vizuri huwa navyo. Mhudumu asiyejua unazungumzia nini amekujibu tayari.

Losheni ya kuzuia jua nayo hutiririka kutoka tumboni na kuingia kwenye lastiki, ikachoma. Iishie vidole viwili juu ya nepi.

Vipele vidogo vingi, na mambo mengine yanayofanana na vipele vya nepi

Vikiwa vidogo kama vichwa vya pini, vimejaa mahali palipofunikwa na nguo iliyobana, na mtoto alikuwa juani: harara ya joto. Mvue, mpoze, usipake mafuta mazito.

Vikiwa kwenye vinyweleo, vina usaha kwenye ncha, na vimetokea siku moja au mbili baada ya bwawa la maji ya uvuguvugu: ni bakteria wa maji yasiyotibiwa vizuri. Vingi hupona vyenyewe ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Akipata homa, nenda hospitali.

Vikitokea chini ya nepi tu baada ya bahari, vikiwasha sana, huenda ni vijitu vidogo vya jamii ya konyeza vilivyonaswa kwenye kitambaa. Hapa mpangilio una maana kubwa: vua nepi kwanza, ndipo umwogeshe. Ukimmwagia maji ya bomba akiwa bado ameivaa, vijitu vile hupasua sumu iliyobaki na kumwumiza upya. Nepi hiyo ifuliwe kwa sabuni na maji ya moto kadiri lebo inavyoruhusu kabla ya kuvaliwa tena.

Mstari mwembamba unaojipinda kama uzi chini ya ngozi, ukiwasha usiku, na kesho yake umesogea mbele, ni minyoo wa mbwa na paka walioingia kutoka kwenye mchanga. Nepi haiwazuii kwenye mapaja na pembezoni mwa makalio. Dawa yake hutolewa na daktari, wala hakuna krimu ya nepi itakayosaidia. Kinga ni kumkalisha mtoto juu ya mkeka, au kwenye mchanga mbichi ambao maji kujaa huufunika na kuuosha, badala ya mchanga mkavu wa juu ambako mbwa hulala.

Jipu moja au mawili yenye kitundu katikati, na kitundu kinatoa maji, yanatokana na kufua wala si kuogelea. Kuna nzi wa Afrika, Cordylobia anthropophaga, anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mabuu yake huingia kwenye ngozi nguo inapovaliwa. Bibi zetu waliosisitiza nepi zipigwe pasi pande zote walikuwa na sababu hiyo. Nepi ya kuogelea haipigwi pasi, inayeyuka, kwa hiyo ianikwe ndani ya nyumba au chini ya chandarua. Ikiwa ilianikwa nje, iweke mahali pakavu kwa wiki mbili kabla ya kuitumia.

Na Ziwa Victoria: usimwogeshe mtoto kwenye ukingo wenye majani na konokono, hata awe na nepi gani. Vimelea vya kichocho hupenya ngozi ndani ya dakika chache.

Saa 24 za kwanza za kumtuliza

Vua kila kitu. Mwogeshe kwa maji safi ya uvuguvugu, bila sabuni kwenye sehemu iliyoumia. Sabuni ya mche na nyingi za kipande zina pH ya 9 hadi 10 na zinamalizia uchachu mdogo uliobaki. Kinyesi kilichoganda kiondolewe kwa pamba yenye mafuta ya kula au ya mtoto, bila kusugua. Kausha kwa kugusagusa na kanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa, ukiipanua mikunjo yote. Kisha mwache wazi dakika 15, amelala juu ya kanga na kipande cha mpira chini yake, na urudie mara tatu au nne kwa siku.

Ndipo upake kinga. Krimu au malhamu ya oksidi ya zinki ndiyo bora: ya asilimia 10 hadi 20 kwa ngozi iliyovimba, hadi 40 kwa iliyochubuka. Ipakwe nene kama siagi kwenye mkate, hadi ngozi isionekane. Wakati wa kubadilisha nepi futa safu ya juu iliyochafuka tu na uongeze nyingine. Anayeikwangua yote kila mara anaondoa na ngozi changa inayoota. Kama zinki haipatikani, mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanafanya kazi nzuri. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa kumkanda mtoto, ila kwa joto la pwani huwa maji matupu na hutiririka kabla hayajakinga chochote.

Badilisha nepi kila saa mbili au tatu, na mara moja akijisaidia. Kuamka zaidi usiku kunaisaidia ngozi ipone haraka.

Ambavyo havipakwi

Krimu za mchanganyiko zinazouzwa hovyo kwenye maduka ya dawa, zenye dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi kali (dawa ya kushusha uvimbe) ndani ya mrija mmoja, ndizo zinazotusikitisha zaidi. Zinatuliza haraka, siku moja tu, kwa hiyo mama mmoja humwelekeza mwenzake. Lakini chini ya nepi dawa hunyonywa zaidi kuliko kwenye ngozi iliyo wazi, na ngozi ya mtoto ni nyembamba. Ikitumika wiki kadhaa, ngozi inakonda, inapata michirizi, na steroidi huingia hadi kwenye damu. Soma maandishi madogo: ukiona betamethasoni au klobetasoli, ambazo ndizo steroidi kali, irudishe. Haidrokotizoni, steroidi nyepesi, ya asilimia 1 kwa siku chache inaweza kufaa, kwa maelekezo ya mtaalamu aliyemwona mtoto.

Poda ya ulanga (talki) iachwe. Mtoto anaivuta mapafuni, na ikilowa hufanya mabonge yanayosugua. Dawa ya kuua vijidudu ya kumimina kwenye beseni inachoma ngozi iliyokwisha kuumia. Vivyo hivyo spiriti, dawa ya meno, na mafuta yenye kafuri au mentholi.

Siku ya kuogelea, kwa mpangilio

Mtoto mwenye kuharisha haogelei, hata kama nepi ni mpya na ya bei kubwa. Vimelea vya kriptosporidiamu huishi zaidi ya wiki moja kwenye maji yenye klorini ya kutosha, kwa hiyo aliyeugua navyo asubiri wiki mbili baada ya kuharisha kukoma.

Safiri na nepi ya kawaida. Ukifika, mbadilishie dakika tano kabla ya maji. Msafishe, mkaushe, paka safu nyembamba ya mafuta ya mgando kwenye mikunjo na kwenye njia ya lastiki, ndipo umvishe. Safu iwe nyembamba kweli. Nene inaingia kwenye kitambaa cha nepi ya kufua, na nyingine inaelea bwawani.

Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita anahitaji maji ya takriban nyuzi 32 za Selsiasi. Mara ya kwanza dakika kumi zinatosha, na hata akizoea, mtoto wa chini ya mwaka asizidi nusu saa. Akitoka, nepi itoke kabla ya taulo, kabla ya picha na kabla ya chakula. Beba lita mbili za maji safi kwenye chupa kwa sababu bafu la ufukweni halitegemeki. Mmwagie, mkaushe, mwache uchi kivulini dakika kumi, paka zinki, mvishe nepi kavu. Nepi za akiba za kuogelea ziwe mbili kwa kila safari: akijisaidia majini, ya kwanza haisuuzwi na kuvaliwa tena.

Nepi ya kufua inavyotunzwa

Isuuze kwa maji baridi siku ileile, maana chumvi na klorini zikikaukia humo zinaumiza lastiki na ngozi ya safari ijayo. Fua kwa sabuni ya unga isiyo na manukato, nusu ya kiasi unachotumia kwa nguo, kwenye maji ya nyuzi 30 hadi 40. Suuza hadi maji yaache povu. Mabaki ya sabuni yakilowana na jasho huchoma. Usitumie dawa ya kulainisha nguo wala jiki. Jua kali la mchana linaivunja lastiki na kupasua bitana isiyopitisha maji.

Kama nepi ya kuogelea haipatikani au bei imekushinda

Usimwingize majini na pampasi ya kawaida. Itafura hadi iwe na uzito unaomvuta, itapasuka, na jeli itamganda mapajani. Jeli yenyewe si sumu, lakini inasugua na kuondoka kwa shida. Kama una nepi za kitambaa zenye gamba lisilopitisha maji, toa pedi ya ndani, weka kipande chepesi cha kitambaa kisichonyonya sana, na juu yake mvishe kaptula fupi ya kuogelea yenye lastiki ya mapaja. Hiyo inafanya kazi karibu sawa na ya dukani.

Wakati wa kwenda kituo cha afya, na wakati wa kurudi majini

Usisubiri ukiona malengelenge, usaha, gamba la rangi ya asali, vidonda vinavyotoa damu, au duara lenye mpaka mkali kuzunguka tundu la haja kubwa huku mtoto akilia anapojisaidia. Hayo mara nyingi ni maambukizi, hasa ya bakteria, na yanahitaji dawa ya kuandikiwa. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi apelekwe hospitali siku hiyohiyo, vipele viwe vingi au vichache. Vipele vya kawaida visivyopungua siku tatu baada ya matunzo haya vionwe pia.

Majini arudi siku mbili baada ya ngozi kufunga kabisa, kwa dakika kumi au kumi na tano za kwanza. Kwa mtoto mweusi, ngozi iliyopona huacha doa jeusi au jeupe kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Doa lisilo na joto, lisilo na chengachenga na lisilomfanya astuke ukiligusa halimzuii kuogelea, na halihitaji krimu yoyote ya kulifuta.